Buti Refu na Mguu Mfupi

Anayekwenda dukani kununua viatu huulizwa swali moja: "Unavaa namba ngapi?" Akishataja namba, muuzaji huingia stoo, hurudi na boksi, na biashara huendelea. Kwa ndala, kwa makubazi na kwa viatu vya kawaida vya kufunga kwa kamba, swali hilo linatosha. Kwa buti refu, yaani lile linalopanda hadi karibu na goti, hilo ni nusu ya swali tu. Nusu ya pili haiulizwi. Mimi ni mwanamke mwenye kimo cha futi 4 na inchi 11, na kazi yangu ya ubibi shamba ilinilazimu kuvaa mabuti marefu kwa miaka mingi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kutosha ya kuitafakari hiyo nusu isiyoulizwa, na kutafuta ilipotelea wapi katika historia.

Naomba kuanza na lugha yetu wenyewe. Mswahili akisema "mguu" anaweza kuwa na maana ya kiungo chote, tangu nyonga hadi vidoleni. Tunayo majina ya sehemu zake: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo, lakini zote hizo ni mguu mmoja. Waingereza na Wafaransa, waliotuletea namba za viatu, wana neno moja kwa sehemu iliyo chini ya kifundo na neno jingine kwa sehemu iliyo juu yake. Namba ya kiatu ni ya ile sehemu ya chini tu. Sisi tuliipokea tukaiita namba ya mguu, na tangu hapo wengi wetu tumedhani kuwa mguu mzima umekwisha kupimwa.

Msomaji mwenye miguu mirefu huenda akaona kuwa hili ni jambo dogo. Namwomba avumilie nimweleze. Buti refu lina sehemu mbili. Ya chini huuvika wayo, na ya juu ni kile kipande kinachopanda kutoka kifundoni, ambacho hapa nitakiita shingo ya buti. Shingo hiyo haikunyooka kama bomba la maji. Ni nyembamba kifundoni, hupanuka polepole hadi kufikia shavu la mguu, kisha hupungua tena kidogo chini ya goti. Aliyeikata alikuwa na mguu fulani akilini mwake, na alijua shavu la mguu huo liko juu kiasi gani kutoka ardhini.

Mguu mfupi ukiingia katika buti hilo hutokea mambo matatu. Kwanza, ukingo wa juu hufika kwenye kikunjo cha nyuma ya goti na kukichubua kila hatua. Pili, shavu la mguu huwa chini kuliko lilivyotarajiwa, likabanwa na sehemu ya shingo ambayo bado haijapanuka. Ndiyo sababu mtu mfupi huambiwa na muuzaji kwamba ana miguu minene, hali unene wake ni wa kawaida kabisa ila uko mahali ambapo buti halikuutazamia. Tatu, urefu uliozidi hushuka na kujikunja kifundoni, na kila mkunjo huwa ni mahali pa kusugua ngozi wakati wa kutembea. Namba ya wayo yaweza kuwa sawasawa, na mambo yote matatu yakatokea.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Huko Ulaya, katika karne ya 17 na ya 18, buti refu lilikuwa hasa vazi la mpanda farasi. Lilimkinga na msuguano wa tandiko, matope ya njiani na miiba ya vichakani. Mwenye uwezo wa kulinunua alikwenda kwa fundi, akapimwa. Fundi alichukua urefu wa wayo, mzunguko wa wayo penye vidole, mzunguko wa sehemu iliyoinuka juu ya wayo, wa kisigino, wa kifundo, wa shavu la mguu, na wa pale chini ya goti. Kisha akapima urefu kutoka ardhini hadi buti litakapoishia. Hapakuwa na buti la warefu wala la wafupi. Palikuwa na buti la bwana fulani, na huyo bwana akiwa mfupi, buti lake lilikuwa fupi vilevile.

Nisije nikaisifu zamani hiyo kupita kiasi. Buti la namna hiyo lilikuwa ghali, na watu wengi, warefu kwa wafupi, hawakupata kulivaa maisha yao yote. Lakini kanuni iliyokuwamo ndani yake ilikuwa njema: mguu ulitangulia, ngozi ikafuata.

Ushahidi kwamba watu wa zama zile waliijua shida ya buti lisilolingana na mguu unapatikana hata katika hadithi za watoto. Mwaka 1697 Mfaransa Charles Perrault alitoa kitabu cha hadithi ambamo mna visa viwili vya mabuti. Katika kimoja, Le Chat botté, paka anamwomba bwana wake amtengenezee jozi ya mabuti ili aweze kupita vichakani. Paka hapewi mabuti ya mtu; anatengenezewa yake. Katika kisa cha pili, Le Petit Poucet, mtoto mdogo kuliko ndugu zake wote anayachukua mabuti ya zimwi lililolala. Mabuti hayo ni makubwa mno, lakini yana uchawi: hukua na kupungua kufuatana na mguu wa anayeyavaa, kwa hiyo yanamkaa mtoto yule kana kwamba yalishonwa kwa ajili yake. Sisi husoma kisa hicho tukastaajabia zaidi mwendo wa mabuti yale, kwani kwa hatua moja yalivuka nchi. Mimi nastaajabia zaidi kule kupungua kwake. Perrault alielewa kwamba bila uchawi huo wa kwanza, ule wa pili usingemfaa mtoto kitu; angeanguka hatua ya kwanza tu.

Baada ya hapo buti refu lilianza pia kutumiwa kuwadhihaki watu. Mchoraji Mwingereza James Gillray, katika miaka ya mwanzo ya 1800, alimchora Napoleon Bonaparte kama kijitu kidogo chenye hasira, kimezama ndani ya kofia kubwa na mabuti makubwa. Picha hizo zilienea, na mpaka leo ukitaja jina la Napoleon watu husema, "Yule mfupi?" Ukweli ni kwamba alipofariki mwaka 1821 maiti yake ilipimwa ikaonekana kuwa na futi 5 na inchi 2 na kidogo, lakini hizo zilikuwa futi za Kifaransa. Futi ya Kifaransa ya wakati ule ilikuwa na sentimeta 32 na nusu hivi, na ya Kiingereza ina sentimeta 30 na nusu. Kwa hiyo alikuwa na kimo cha mita 1.68 hivi, ambacho kwa Mfaransa wa wakati wake hakikuwa ufupi. Gillray alijua alichokifanya: ukitaka mtu aonekane kichekesho, mvishe buti la mtu mwingine. Macho ya watazamaji hayalilaumu buti, humlaumu aliyelivaa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Adui wa Napoleon, Arthur Wellesley, ambaye ndiye Duke wa Wellington, aliacha alama ya namna nyingine. Maofisa wa wakati wake walivaa mabuti ya mtindo wa Kijerumani yaliyokuwa na ukingo uliochongoka mbele na shada la nyuzi likining'inia. Duke alimwagiza mshona viatu wake, Hoby, mwenye duka katika mtaa wa St James's jijini London, ayaondoe mapambo hayo, atumie ngozi laini ya ndama, na alikate buti lifuate mguu kwa karibu zaidi. Mtindo ukapendwa, ukaitwa kwa jina lake. Tuzingatie kwamba buti la Wellington lilizaliwa kutokana na agizo la mtu mmoja kwa fundi mmoja kuhusu mguu mmoja. Miongo kadhaa baadaye jina hilohilo lilikuja kubandikwa kwenye mabuti ya mamilioni ya watu ambao hakuna fundi aliyewahi kuiona miguu yao.

Badiliko hilo lilitokana na mashine. Mwaka 1858 Mmarekani Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushonea soli. Kazi iliyobaki ngumu ilikuwa ni kuivuta ngozi ya juu juu ya kalibu, yaani ule mguu wa mti ambao kiatu hujengwa juu yake, na kuikaza kabla ya soli kutiwa. Watu walisema hakuna mashine itakayoweza kufanya kazi hiyo ya vidole vya binadamu. Aliyeiweza alikuwa Jan Matzeliger, kijana mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, akahamia Lynn, Massachusetts, mji wa viwanda vya viatu. Hataza yake ilitolewa tarehe 20 Machi 1883. Fundi hodari wa mikono aliweza kama jozi 50 kwa siku; mashine ya Matzeliger iliweza kati ya jozi 150 na 700. Bei ya viatu ilishuka, na watu waliokuwa wakienda pekupeku wakavaa. Yeye mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1991 Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Mimi namheshimu sana mtu huyu, na lolote nitakalolisema kuhusu viatu vya kiwandani halipunguzi heshima hiyo.

Lakini kiwanda hakiwezi kumpima kila mnunuzi. Huhitaji namba. Waingereza walikuwa tayari na namba zao zilizotokana na punje ya shayiri, ambayo ni theluthi moja ya inchi. Kila namba huizidi iliyotangulia kwa punje moja. Wafaransa nao walikuwa na kipimo chao cha theluthi mbili za sentimeta. Namba 5 ya Kiingereza ni kalibu yenye urefu wa inchi 10. Namba 38 ya Kifaransa ni kalibu ya sentimeta 25 na kidogo, ambayo ni karibu sawa na hiyo ya Kiingereza. Ni hesabu safi, na zimetumika ulimwengu mzima. Ila kalibu ya kiatu cha kawaida huishia kifundoni. Mguu kutoka kifundo kwenda juu haumo katika punje za shayiri wala katika theluthi za sentimeta. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kuwanyima haki watu wafupi. Ilitokea tu kwamba viatu vingi vilikuwa vifupi, kipimo kikafuata viatu vingi, na buti refu likabebwa na kipimo kisicholihusu.

Pigo la pili lilikuwa mpira. Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hauyeyuki kwa joto wala haupasuki kwa baridi. Hataza yake ni ya mwaka 1844. Mwaka 1853 Hiram Hutchinson, naye Mmarekani, alifungua kiwanda Ufaransa akawatengenezea wakulima mabuti ya mpira. Mwaka 1856 kiwanda kama hicho kikaanzishwa Edinburgh kwa jina la North British Rubber Company, na katika Vita Kuu ya Kwanza kilitengeneza jozi zaidi ya milioni moja kwa ajili ya askari wa Uingereza waliosimama katika maji na matope ya mahandaki. Hayo ndiyo mabuti ya mpira tuyajuayo, ambayo wengine huyaita gambuti.

Ngozi, hata ikikatwa vibaya, ina huruma. Hulainika kwa mafuta na joto la mwili, hutanuka, na fundi aweza kufumua mshono akaushona upya. Mpira haulainiki hivyo. Huchukua umbo la kalibu yake, na mabuti ya plastiki yaliyokuja baadaye humiminwa ndani ya kalibu ya chuma, wayo na shingo kwa pamoja. Kila namba ina kalibu yake moja. Wayo ukiongezeka, shingo nayo hurefuka. Kana kwamba Mungu aliumba watu kwa kuwakuza kama picha, kila kiungo kwa uwiano uleule. Mwenye wayo mpana na muundi mfupi hakuwekewa kalibu.

Afrika Mashariki tulivipokea viatu hivi vya namba vikiwa vimekwisha kukamilika. Kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, ilijenga kiwanda Limuru, Kenya, na viatu vya bei nafuu vikafika hadi madukani vijijini. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Ulaya waliovaa sketi fupi walianza kuvaa mabuti marefu kama pambo. Mabuti meupe ya mbunifu wa Paris, André Courrèges, yalipata sifa mwaka 1964. Vijana wetu wa miaka ya 1970 walikuwa na bugaluu na raizoni. Nilivaa raizoni kama wenzangu, na nilizipenda. Ziliniongezea kimo cha kutosha kuona jukwaani wakati wa dansi. Hata hivyo hazikuongeza hata upana wa unywele kati ya kifundo na goti, na hapo ndipo buti refu linapouliza swali lake.

Sasa nieleze kwa nini naliona jambo hili kuwa ni zaidi ya urembo. Mwaka 1988 nilikuwa nikifanya kazi na vikundi vya wanawake wakulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero. Katika majaruba kuna kichocho, ambacho kijidudu chake hupenya ngozi ya mtu akanyagaye maji yenye konokono. Kwenye matuta na vichaka vya kando kuna nyoka, na moma hatoki njiani; hungoja akanyagwe. Nyoka huuma zaidi wayo na sehemu iliyo chini ya goti. Buti refu katika kazi hiyo ni kinga, wala si anasa. Basi ofisi niliyokuwa chini yake ilipata msaada wa mabuti ya mpira, tukayagawa kwa kufuata namba za wayo, kila mama akatia sahihi au dole gumba.

Haikupita wiki mbili nikayakuta mabuti yamepangwa juu ya tuta, mawili mawili, kama watu waliokaa kusubiri basi, na wenyewe wako majini pekupeku. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema kwamba wakulima hawana mwamko. Wasomaji wa rika langu wanalijua neno hilo. Lilikuwa likitumika kila mara watu wa chini walipokataa kitu kilichoamuliwa na watu wa juu.

Mimi sikuhitaji kuuliza sana, kwa kuwa mabuti yangu mwenyewe yalikuwa yakinichubua nyuma ya magoti. Hata hivyo niliuliza. Mama mmoja mtu mzima, ambaye nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi, alinijibu akiwa ameinama na miche mkononi: "Bibi Shamba, mabuti haya yana mwenyewe. Huyo mwenyewe si mimi." Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikawapima waliokubali: kutoka ardhini hadi kikunjo cha nyuma ya goti. Wengi wao walikuwa kama mimi, sentimeta 35, 36, 37. Buti lilikuwa na sentimeta 38. Mtu hawezi kuinama siku nzima kupandikiza mpunga ilhali ukingo wa mpira umekwama pale goti linapojikunja.

Tulimwita fundi viatu kutoka Ifakara. Alizungushia kila buti alama ya chaki, vidole vitatu chini ya kikunjo cha goti la mwenyewe, akalikata kwa kisu kikali. Ili ukingo mpya usikwaruze aliubandika utepe wa tyubu ya baiskeli kwa solusheni. Pale shavu la mguu lilipobanwa, alipasua shingo kwa nyuma, akatia kipande cha tyubu kama pembetatu. Maji ya majaruba wakati wa kupandikiza ni ya kina kifupi, kwa hiyo ufupi huo haukuingiza maji. Mabuti yakavaliwa. Nilitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini mali ya mradi imekatwa, nikaeleza kwa kurasa mbili, na vipimo nikaviambatisha. Katika taarifa iliyofuata neno "mwamko" halikuwamo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Gillray. Mama zetu walivishwa buti la mtu mwingine, kisha wakaonekana kuwa wao ndio wenye kasoro. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na ushauri wa kuvaa mabuti unarudiwa kila mahali. Ni ushauri mwema. Lakini anayeutoa hana budi kuuliza pia lile swali la pili, la sivyo mabuti yatapangwa tena juu ya tuta.

Kwa msomaji mwenye kimo kama changu, haya ndiyo niliyojifunza kwa mafundi. Keti kwenye kiti, wayo wote ukiwa sakafuni na goti limekunjwa vizuri. Mwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi kikunjo cha nyuma ya goti, kisha toa upana wa vidole viwili au vitatu. Huo ndio urefu wa buti lako. Pima mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi, na pima pia mahali hapo pako juu kiasi gani kutoka sakafuni, maana kipimo hiki cha mwisho ndicho kisahaulikacho. Uwapo dukani, kaa na uchuchumae ndani ya buti. Kusimama peke yake hakukuonyeshi kitu. Buti la ngozi ngumu la mpanda farasi hushuka sentimeta mbili au tatu likishazoea kifundo, kwa hiyo hilo likianza refu kidogo si kosa. La mpira halishuki. Lilivyo siku ya kwanza ndivyo litakavyokuwa. Ukimpelekea fundi buti la ngozi alifupishe, akate kutoka juu, asiguse kifundo, na kama lina zipu aihesabu kabla ya kushika mkasi.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Leo, katika maduka ya vifaa vya farasi huko Ulaya na Marekani, mabuti marefu ya tayari huuzwa kwa vipimo vitatu: namba ya wayo, urefu wa shingo na upana wa shavu la mguu. Yaani wanaopanda farasi kwa kujifurahisha wamekwisha kurudishiwa kile ambacho mashine ilikichukua. Mabuti ya mpira ya wafanyakazi, kwa sehemu kubwa, bado yana namba moja tu, ingawa baadhi huja na mistari iliyochorwa kwenye shingo ili mwenyewe ayakate. Mistari hiyo ni mwanzo mzuri. Siku nitakayoona boksi la mabuti ya mpira lenye namba mbili, ya wayo na ya goti, nitanunua jozi hata kama sina tena shamba la kwenda.